Limau Asubuhi, Majivu Jioni

Nyumba yetu ya hapa Kakonko inatumia maji ya aina tatu, na kila aina ina mtetezi wake. Maji ya mvua, yanayoteremka kutoka kwenye bati na kuingia kwenye simtanki, ni ya mume wangu, aliyelinunua tangi hilo kwa jasho lake na kulijengea msingi. Maji ya bomba ni ya mdogo wake, shemeji yangu, fundi ujenzi, aliyechimba mtaro wa bomba kwa mikono yake kutoka barabarani hadi uani. Maji ya chemchemi ya bondeni ni ya mama mkwe. Yeye anasema chai ya maji mengine hainyweki, na kwamba mmea ukishazoea chemchemi haukubali kingine. Kwa miaka mingi mabishano haya yalikuwa ya kupitishia jioni tu. Kiangazi kilichopita yaliingia kwenye vyungu vya maua, na hapo nyumba ikagawanyika.

Maua ni ya mama mkwe. Barazani kwake pana waridi jekundu, mlimao mfupi uliobebeshwa, rozmari, mshubiri, na mche wa kahawa alioutoa kwao Buhigwe ukiwa mdogo, mizizi imeviringishwa kwenye jani la mgomba. Wakati huo yote ilikuwa kwenye makopo ya mafuta ya kula, ndoo za rangi zilizotobolewa chini na madumu yaliyokatwa nusu. Kahawa hiyo haivunwi. Buhigwe ni nchi ya kahawa, mama yake mzazi alisomesha watoto kwa kahawa, na mama mkwe anapoimwagilia huwa anasema nayo kwa Kiha, kwa sauti ya chini, maneno ambayo hakuna kati yetu aliyethubutu kumuuliza. Mche ule ukiugua, nyumba nzima inaugua.

Mkasa ulianza kwa nia njema. Binti wa wifi yangu alikuwa anaagwa hapa kwetu kabla ya kuolewa, na shemeji akasema wageni hawatapita katikati ya makopo. Akachukua ndoo mbili, kubwa na ndogo, akaiweka ndogo ndani ya kubwa, akamimina saruji na mchanga kwenye nafasi iliyobaki kati yao, akaacha tundu chini kwa kipande cha bomba. Kesho yake akatoa chungu. Akaendelea hivyo mpaka akapata safu kutoka getini hadi mlangoni, kisha akavipaka rangi nyeupe kwa nje na mstari wa kijani mdomoni. Vilikuwa vyungu vizuri kwelikweli. Watu walisimama barabarani kuviangalia, na wawili watatu wakatoa oda hapo hapo. Rangi ilipokauka tukahamisha miche. Mama mkwe alishika mashina, wajukuu wakajaza udongo.

Haikupita muda mrefu majani machanga ya kahawa yakaanza kupauka. Njano haikutapakaa jani zima. Mishipa ilibaki kijani, hata ile midogo kabisa ukaweza kuifuata kwa jicho, ila nafasi iliyo kati ya mishipa ikawa njano, halafu ikaelekea weupe. Majani ya chini, ya zamani, hayakuguswa. Mlimao ukafuata. Waridi likadondosha vitumba. Mshubiri peke yake ulitulia.

Bwana shamba anaitambua picha hiyo bila kuinama: mmea unakosa chuma. Chuma chenyewe kimo tele kwenye udongo wetu, maana wekundu wake unatokana na chuma hicho. Lakini pH, yaani namba ya uchachu, ambayo hushuka uchachu unapozidi, ikipanda kupita 7, chuma hugeuka kuwa kitu kisichoyeyuka, na mzizi hauwezi kunywa kisichoyeyuka. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Siku zile kila mtu alikuwa na jibu lake. Mume wangu alisema ni dawa ya maji ya bomba. Shemeji alisema maji ya mvua yamelala kwenye tangi tangu masika na yameharibika. Mama mkwe aliuchota udongo wa chungu, akausaga kwa vidole, akaunusa, akasema: "Udongo huu una njaa. Udongo wa Buha ukilia hivi unapewa majivu."

Neno lake lilikuwa na uzito. Nyanda hizi za Kigoma, kuanzia Kakonko na Kibondo hadi Kasulu na Buhigwe, hunyeshewa kwa miezi mingi, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Mvua hiyo, kizazi baada ya kizazi, imeosha kalisi na magnesi na kuzizamisha mbali na mizizi, ikaacha juu chuma na alumini. Udongo ukawa mchachu. pH yake ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini huanza kuyeyuka na kuziunguza ncha za mizizi, na maharage, ambayo ndiyo mboga yetu na ndiyo fedha yetu, hudumaa. Majivu ya kuni yana kalisi na potasi, na ukiyavuruga kwenye maji pH inafika 10 na kuendelea. Bibi zetu waliokuwa wakimwaga majivu ya jikoni kwenye migomba iliyozunguka nyumba walikuwa wanapunguza uchachu huo, na migomba yao ilizaa. Kwa shamba, dawa ya mama mkwe ni dawa.

Binti yetu wa sekondari ndiye aliyeleta habari ya pH mezani. "Bibi, tusibishane, tupime," alisema. Mume wangu, ambaye hupenda jambo lenye namba, akanunua kipimo mnadani: kile cha miguu miwili ya chuma, chenye swichi ya kuchagua unyevu, mwanga au pH, kisicho na betri. Kwenye chungu cha kahawa kikaonyesha 7. Kwenye kopo la zamani lililobaki na mchaichai kikaonyesha 7. Binti akakamua limau kwenye bakuli, akachovya miguu ile, na mshale ukayumba bila kutulia popote.

Nakisema vibaya kifaa hicho kwa sababu kinauzwa sana na wengi wanakiamini. Miguu yake ni ya metali mbili tofauti. Ikiwa ndani ya udongo uliolowa huzalisha umeme kidogo, na mshale unaufuata umeme huo. Sasa umeme huo hubadilika kwa unyevu, kwa chumvi ya mbolea, kwa jinsi udongo ulivyoshikamana na chuma, hata kwa kutu. Kifaa hicho kinaweza kukudokezea kwamba chungu kimekauka. Kwa pH usikiamini, na kwa maji ya kumwagilia hakikutengenezewa kazi hiyo kabisa. Anayetaka kupima maji atafute kipimo chenye kibonge cha kioo.

Kibonge hicho kipo kwenye ncha ya kifaa chenyewe, na kioo chake ni chembamba kiasi kwamba kukigusisha ukingo wa sinki kunatosha kukivunja. Ngozi yake ya nje, ikiwa imelowa vizuri, hushirikiana na ioni za haidrojeni zilizo kwenye maji. Ndani mna kimiminika ambacho pH yake haibadiliki. Tofauti ya pande hizo mbili huzaa umeme wa takriban milivolti 59 kwa kila namba moja ya pH, kwenye nyuzijoto 25. Kifaa kinasoma milivolti, wewe unaonyeshwa namba. Na kila namba moja ni mara kumi: maji ya pH 5 yana uchachu mara kumi ya maji ya pH 6. Namba hizi za pH zilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, katika maabara ya Carlsberg, watengenezaji wa bia, mjini Copenhagen. Mwaka 1934, California, Arnold Beckman akaunda mashine imara ya kuukuza umeme huo mdogo, baada ya rafiki yake aliyefanya kazi na ushirika wa wakulima wa malimau na machungwa kumwomba njia ya kupima uchachu wa maji ya limau. Binti aliposoma habari hiyo alikwenda barazani kumwambia bibi yake. Kifaa tulichokuwa tunakitafuta kwa ajili ya mlimao kilizaliwa kwa ajili ya limau.

Kuchagua kulituchukua usiku mzima kwenye simu, mimi na binti. Wauzaji wanatangaza nukta mbili za desimali, 6.47, 7.12, na macho hupenda nukta. Lakini skrini kuonyesha nukta mbili hakumaanishi kwamba kifaa kina hakika ya nukta mbili. Soma maandishi madogo: vipimo vingi hukosea kwa 0.1 juu au chini, na kwa chungu cha maua 0.1 inatosha kabisa. Tulichong'ang'ania ni mambo mengine. Kiwe kinaweza kusawazishwa kwa namba mbili, si moja. Kiwe kinajirekebisha chenyewe kwa joto la maji, maana asubuhi za kiangazi huku juu ni baridi na mchana jua linachoma. Kiwe na kifuniko kinachoshika maji ya kuhifadhia. Na zaidi ya yote, unga wa kukisawazishia uweze kupatikana Tanzania, maana kipimo kisichosawazishwa kinasema namba yoyote kwa sauti ileile ya uhakika. Kulikuwa na kimoja ambacho elektrodi yake, yaani ile ncha ya kioo, inabadilishwa ikichoka, ila bei yake ilikuwa maradufu. Tukaacha. Tukaagiza cha kawaida kutoka Dar es Salaam, kikapanda basi, kikapita Kahama na Nyakanazi, kikatufikia stendi ya Kakonko kikiwa salama kwenye boksi lililofungwa kwa gundi ya karatasi pande zote.

Ndani ya boksi mlikuwa na pakiti za unga, moja ya 4.00 na moja ya 6.86, kila moja ya kuyeyushwa kwenye mililita 250 za maji yasiyo na chochote. Maji hayo yanapatikana duka la vipuri. Nilipoagiza maji ya betri muuzaji akaniuliza: "Ya kuongezea au ya kuanzia?" Swali zuri, na kila mnunuzi anapaswa kulisubiri. Ya kuongezea ndiyo maji yaliyosafishwa madini yote. Ya kuanzia ni asidi ya salfa, inaunguza ngozi na macho, na katika madumu madogo meupe huwezi kuyatofautisha kwa kutazama. Nikachukua ya kuongezea, nikasoma lebo dukani, nikaisoma tena nyumbani.

Tulikisawazisha mbele ya watu wote. Binti alisuuza kibonge, akakichovya kwenye 6.86, akasubiri namba itulie, akabonyeza. Akasuuza tena kwa maji ya betri, akafuta tone kwa kuligusisha tishu bila kusugua, akachovya kwenye 4.00. Halafu, ili bibi yake asiamini mashine peke yake, akachemsha rozela. Juisi ile nyekundu akaigawa kwenye glasi. Akatia limau kwenye moja, ikawaka wekundu mkali. Akatia maji ya majivu kwenye nyingine, ikageuka kijani kichafu. Kipimo kikachovywa kwenye kila moja. Chini ya 3 kwenye nyekundu, juu ya 9 kwenye kijani. Mama mkwe aliishika glasi ya kijani, akaielekeza kwenye mwanga, akasema: "Haya, kinaona."

Kisha maji yetu matatu yakapimwa. Simtanki 6.1. Bomba 7.4. Chemchemi 5.7. Yote matatu yanafaa kwa kahawa, kwa limau na kwa waridi. Watetezi wote watatu walikuwa na haki, na ugonjwa ulikuwa palepale.

Hapo ndipo vita ya ndoo ilipoanza. Tuna ndoo ya bluu ya lita 20, ambayo jioni hujazwa maji ya simtanki na kuachwa pembeni mwa baraza kwa ajili ya kumwagilia kesho. Binti alianza kuipima na kuandika kwenye daftari. Alfajiri 9.2. Mchana 3.8. Siku iliyofuata alfajiri 8.9, alasiri 4.1. Hakuna maji duniani yanayotembea hivyo yenyewe. Mume wangu akasema kipimo kibovu, tukirudishe. Mimi nilikishuku pia, kwa sababu wakati huo kilikuwa kimepata umaarufu mtaani. Majirani walikuwa wanakuja na chupa: mtindi, rubisi, juisi ya ubuyu, maji ya magadi ya kupikia maharage. Aliyeleta mtindi aliondoka kabla elektrodi haijaoshwa, na mafuta ya maziwa yakikauka juu ya kioo kipimo huwa kizito, namba inapanda kwa kusuasua. Tukakiosha kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, tukakirudisha kwenye maji yake ya kuhifadhia usiku kucha. Kulipokucha, kwenye unga wa 4.00 kikasema 4.0. Kwenye 6.86 kikasema 6.9. Kwenye ndoo ya bluu, 9.4. Na wakati huo kingo za majani ya waridi zilikuwa zimeanza kukauka na kuwa kahawia.

Kilichofumbua jambo ni povu. Jioni moja, kabla ndoo haijajazwa, ilikuwa na maji ya kufunika chini tu. Mume wangu alitoka jikoni na malimau yaliyokatwa ndani ya kiganja, akainama, akakamua. Ndoo ikachemka. Povu la kijivu likapanda likifanya sauti ya kufoka, mapovu yakipasukiana, na kutoka nyuma ya nguzo ya baraza mama mkwe akauliza, "Unafanya nini kwenye majivu yangu?"

Walitazamana, mama na mwana, na hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kumbe mama mkwe, tangu siku ya kwanza ya njano, alikuwa anatia majivu kwenye ndoo kila jioni giza likiingia. Kumbe mume wangu, tangu alipoona 9 ya kwanza kwenye daftari, alikuwa anakamua limau kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mama aliona mimea haiponi, akaongeza majivu. Mwana aliona namba haishuki ikabaki chini, akaongeza limau, mpaka akafikia kukamua na jioni. Mmwagiliaji wa asubuhi alimwaga asidi, wa jioni akamwaga alkali, na hakuna aliyejua mwenzake amefanya nini.

Na wote wawili walificha kwa ajili ya heshima. Mama hakutaka kumvunja moyo mjukuu wake na kifaa chake kipya kwa kuonyesha kwamba bado anaamini majivu. Mwana hakutaka kusimama mbele ya mama yake na limau mkononi, kumwambia dawa ya wazee haifanyi kazi. Nimekaa katika familia hii muda wa kutosha kujua kwamba ugomvi wa wazi ungekuwa nafuu kwa ile kahawa. Shemeji ndiye aliyevunja ukimya. Alivuta kigoda, akamkalisha mama yake, akamwambia kaka yake akae chini, na maneno yakasemwa moja moja mpaka yakaisha. "Mwanangu," mama mkwe alimwambia mume wangu, "ungeniambia tu. Mimi si mtu wa kuogopwa kwa sababu ya majivu."

Binti akatuonyesha usiku ule ule kwa nini ndoo ilikuwa inaruka namna ile. Aliweka glasi mbili mezani, moja ya maji ya simtanki, moja ya maji ya bomba, akadondoshea limau tone kwa tone huku kipimo kikiwa ndani. Maji ya mvua yaliporomoka kwa matone machache tu. Maji ya bomba yalishuka kidogo, yakasimama, yakataka matone mengine, na mengine tena. Mvua inakuja haina madini. Inapokuwa hewani hunywa kaboni dayoksaidi kidogo na kuwa na pH ya karibu 5.6, lakini haina bikaboneti ya kupambana na asidi. Maji yaliyopita kwenye mawe yana bikaboneti, na kiasi chake ndicho kinachoamua kama maji yatakubali kusukumwa. Maji yenye bikaboneti nyingi ni lori lililosheheni; maji ya mvua ni baiskeli tupu. Kwa hiyo limau moja kubwa kwenye ndoo ya lita 20 ya maji ya mvua linaishusha pH chini ya 4, na kiganja cha majivu kinaipandisha kupita 9, wakati namba ya mwanzo, 6.1, haikukudokezea lolote juu ya udhaifu huo. Mtu anayemwagilia kwa maji ya kisima kirefu yenye bikaboneti nyingi ana tatizo la kinyume: hata pH ikiwa 7.5 tu, kila umwagiliaji unaongeza alkali kwenye chungu, na mwisho wa msimu udongo umepanda. Na asidi ya limau, hata ukiitia kwa kipimo, wadudu wadogo wa kwenye udongo huila, ikapotea. Ni dawa ya siku chache.

Lakini kahawa ilikuwa bado haijapata jibu lake. Kabla ya majivu na kabla ya limau ilikuwa imeshaanza kupauka, na maji yote matatu yalikuwa mazuri. Shemeji ndiye aliyeuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lililookoa miche: "Mnapima maji yanayoingia tu. Yanayotoka je?"

Kuna njia ya kufanya hivyo ambayo wakulima wa maua huitumia. Unamwagilia chungu kwa maji ya kawaida mpaka kilowe sawasawa, unakiacha karibu saa moja. Kisha unakiinua kwa matofali mawili, unaweka kisahani chini ya tundu, na juu ya udongo unamimina taratibu maji ya betri, yale ya kuongezea, kikombe kidogo tu. Maji hayo yanasukuma yale yaliyokuwa yamekaa kwenye mizizi, na kinachodondoka kwenye kisahani ndicho mmea unachokunywa. Tulianza na kopo la mafuta lenye mchaichai, ambalo halikuguswa na mtu: 6.2. Tukaenda kwenye chungu cha saruji cha rozmari, ambacho kilimwagiliwa maji ya bomba kwa mpira na hakikupata majivu wala limau: 9.6. Tukaenda kwenye chungu kitupu, kipya, kisichopandwa kitu, tukatia maji safi na kuyaacha mpaka asubuhi: 11.3.

Shemeji aliitazama namba ile akiwa amechuchumaa, mkono juu ya mdomo wa chungu. Yeye kila siku hushika saruji na anajua inavyokausha na kuchubua vidole. Saruji inapoganda huzalisha chokaa ndani yake, na maji yaliyomo kwenye vitundu vyake yana pH zaidi ya 12. Tofali likiwa ukutani hilo halimsumbui mtu. Chungu kikiwa kimejazwa udongo na kumwagiliwa kila siku, chokaa hiyo hutoka kidogo kidogo na kuingia kwenye mizizi kwa wiki na miezi. Tangi jipya la saruji hufanya vivyo hivyo kwa maji yake ya kwanza. Mimea ilikuwa imekaa ndani ya dawa ya mama mkwe usiku na mchana, kwa kipimo ambacho hata yeye asingekitoa.

"Mama, ni vyungu vyangu," shemeji alisema.

"Ni vyungu vizuri," mama mkwe akamjibu. "Vinataka kuoshwa."

Miche ikang'olewa jioni hiyo. Mizizi ya kahawa ilikuwa kahawia na mifupi upande uliogusa ukuta wa chungu, na katikati ya bonge la udongo bado ilikuwa myeupe. Hapo tukapata matumaini. Ikarudishwa kwenye makopo ya zamani, na udongo mpya uliochanganywa na mboji. Siku ya kumuaga binti wa wifi, wifi yangu na wenzake waliyazungushia makopo vitenge, wakayafunga kwa mafundo makubwa, na wageni walipita katikati yake kutoka getini hadi mlangoni. Vyungu vyeupe vilikuwa nyuma ya nyumba, vimezamishwa kwenye mapipa. Maji ya mapipa yalibadilishwa mara kwa mara, na kila yalipobadilishwa binti aliandika namba: zilishuka polepole, 11, 10, 9 na kidogo. Zilipokaribia 8 shemeji alivianika, akavisugua kwa ndani kwa siki iliyozimuliwa, akavisuuza, kisha akavipaka rangi ya lami ndani ili kilichobaki kisitoke. Leo hakuna oda inayoondoka uani bila kujazwa maji usiku mmoja na kupimwa asubuhi, na anayepima ni mama mkwe. Amejifunza kusuuza kibonge na kugusisha tone kwenye tishu kwa uangalifu kuliko sisi sote.

Majivu yake yamerudi yanakostahili. Tulichukua udongo wa shamba la maharage, tukauvuruga na maji ya betri kwenye kikombe, tukauacha utulie, tukapima maji ya juu: 4.9. Kabla ya mvua za vuli alimwaga majivu ya msimu mzima kwenye matuta, na mume wangu akamsaidia kubeba, akanunua na mfuko wa chokaa ya kilimo wa kuongezea, maana majivu ya jiko moja hayatoshi shamba. Kahawa imetoa majani mapya ya kijani. Yale ya njano hayakurudi kuwa kijani. Yalidondoka, na shina limebaki na mwanya pale katikati. Waridi tulilipoteza.

Kilichobaki kwenye ajenda ya familia ni elektrodi. Kioo huchoka hata kikitunzwa, mwaka mmoja au miwili, na chetu kimeanza kuchelewa: kwenye 4.00 kinazunguka muda mrefu kabla ya kutulia, na kwenye maji ya mvua, ambayo kwa uchache wa madini yake hukichelewesha hata kipimo kipya, unaweza kuosha vyombo vyote ukarudi ukikute bado kinatafuta. Mume wangu anataka safari hii tununue kile cha bei maradufu chenye ncha ya kubadilisha. Shemeji anasema anunue kingine cha kawaida, abaki na hela ya saruji. Mama mkwe amewasikiliza wote wawili na amesema hela ya oda inayofuata ya vyungu asiiguse mtu.